Mwanagenzi wa benki ya uwekezaji anahitaji mkaguzi kuliko darasa

Mwezi Juni 2025, benki ya JPMorgan Chase ya Marekani iliwaandikia barua vijana waliokuwa wakisubiri kuripoti kazini kama wachambuzi wa mwaka wa kwanza. Kilichovuma magazetini ni onyo kwamba atakayekubali kazi kwingine kabla ya kutimiza miezi 18 ataachishwa. Ndani ya barua hiyohiyo mlikuwa na onyo jingine ambalo halikusemwa sana: mafunzo ni lazima, na anayekosa kipindi anaweza kupoteza ajira kabla hajaizoea.

Ukali huo una sababu. Mifuko mikubwa inayonunua kampuni nzima nzima ilikuwa imezoea kuwavizia vijana hao mapema, hata kuwaita kwenye usaili wakati wako mafunzoni. Benki ikajikuta inamsomesha mtu ili akamfanyie kazi jirani. Lakini barua ile inaimarisha dhana ambayo vijana wengi wanaoitamani sekta hii tayari wanayo: kwamba kazi hufundishwa darasani. Kwa mchambuzi aliyeajiriwa, anayepewa majuma kadhaa ya masomo, dhana hiyo ina ukweli kiasi. Kwa mwanagenzi, yaani mwanafunzi wa chuo anayekuja kipindi cha likizo tu, haina. Darasa lake ni la siku chache, na sehemu kubwa ya yanayofundishwa humo angeweza kuyasoma kwao. Kinachomjenga ni kukaguliwa kazi yake na mtu aliyeiva, na hicho ndicho wanagenzi wengi, wa New York na wa Nairobi, hawakipati vya kutosha.

Kwanza ieleweke benki hizi zinafanya nini, maana jina hupotosha. Benki ya uwekezaji haipokei akiba ya mama ntilie wala haitoi mkopo wa pikipiki. Wateja wake ni kampuni na serikali zinazotaka kuuza hisa, kukopa kwa hatifungani, kununua kampuni nyingine au kuuzwa. Wakenya waliishuhudia kazi hiyo mwaka 2008, serikali ilipouza robo ya kampuni ya simu ya Safaricom kwa shilingi 5 kwa hisa. Dyer & Blair ya Nairobi ilishirikiana na Morgan Stanley kuiongoza shughuli hiyo, zikakusanywa kama shilingi bilioni 50, na wanahisa wapya wakazidi 800,000. Watanzania waliishuhudia mwaka 2017, Vodacom Tanzania ilipouza asilimia 25 ya hisa zake kwa shilingi 850 kila moja na kukusanya shilingi bilioni 476. Nyuma ya kila waraka wa matarajio ambao wananchi walikabidhiwa kulikuwa na watu waliokesha wakijumlisha, wakikagua na kurekebisha. Wengi wa watu wa aina hiyo, popote duniani, ni vijana wa miaka ya ishirini na kidogo.

Mlango wa kuingilia ni uanagenzi. Katika benki kubwa za New York na London huchukua kama wiki 10, kuanzia Juni hadi Agosti. Wanaoomba ni wengi kupita kiasi. Mwaka 2024 benki ya Goldman Sachs ilipokea maombi zaidi ya 315,000 kwa nafasi za uanagenzi ambazo hazikufika 3,000, maana yake ni kwamba alipita chini ya mmoja katika kila waombaji 100. Malipo nayo yanavutia. Mwanagenzi hulipwa kwa kiwango cha mchambuzi wa mwaka wa kwanza, ambaye katika benki nyingi kubwa za Marekani mshahara wake ulifika dola 110,000 kwa mwaka tangu 2022. Kwa wiki 10 hizo ni zaidi ya dola 20,000 kabla ya kodi. Mwisho wa kipindi, anayeonekana anafaa huondoka na ofa ya ajira ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo wiki 10 ni usaili mrefu unaolipiwa mshahara, na wiki ya kwanza, au mbili katika baadhi ya benki, ndiyo inayoitwa mafunzo.

Siku ya kwanza haina utamu. Mwanagenzi hupigwa picha ya kitambulisho, hukabidhiwa kompyuta, kisha huketishwa kusikiliza idara ya uzingatiaji wa sheria: nini kisisemwe kwenye lifti, nini kisiandikwe kwenye simu binafsi, hisa zipi asinunue na amtaarifu nani akitaka kununua. Baadaye wanakuja wakufunzi, ambao aghalabu hukodiwa kutoka kampuni za nje zilizobobea katika kazi hiyo. Wanafundisha uhasibu kwa kasi, halafu Excel, halafu uthamini wa kampuni, na mwisho namna ya kupanga slaidi. Jioni kuna chakula cha kufahamiana, ambako kijana anatakiwa awakumbuke watu 30 kwa majina na asionekane amechoka.

Katika somo la uhasibu kuna swali moja maarufu, linaloulizwa darasani na katika usaili vilevile. Uchakavu wa mitambo ukiongezeka kwa shilingi milioni 10, taarifa tatu za fedha zitabadilikaje? Tuseme kodi ya kampuni ni asilimia 30, kama ilivyo Kenya na Tanzania. Kwenye taarifa ya mapato, faida kabla ya kodi inashuka kwa milioni 10, kodi inapungua kwa milioni 3, na faida halisi inashuka kwa milioni 7. Kwenye mtiririko wa fedha, hesabu inaanza na upungufu huo wa milioni 7, kisha zinarudishwa zile milioni 10 kwa kuwa uchakavu haukumtoa mtu fedha mfukoni. Fedha taslimu zinaongezeka kwa milioni 3. Kwenye mizania, fedha zimepanda kwa 3 na mitambo imeshuka kwa 10, kwa hiyo mali imepungua kwa 7. Upande wa pili, mtaji wa wenye kampuni nao umepungua kwa 7. Pande mbili zinalingana. Anayeweza kulieleza jambo hilo kwa dakika moja bila kugugumia ameshaelewa sehemu kubwa ya uhasibu atakaouhitaji kiangazi kizima.

Somo la Excel ni la vidole. Wakufunzi wengine huwaambia wanafunzi wachomoe kipanya kabisa na kufanya kila kitu kwa kibodi, kwa sababu mtu anayeburuta mshale huku na huku hupoteza saa nzima kwa siku bila kujua. Rangi nazo zina sheria: namba iliyochapwa kwa mkono huandikwa kwa buluu, inayotokana na hesabu huandikwa kwa nyeusi. Mwandamizi akifungua jedwali usiku wa manane anaona papo hapo kipi kimekadiriwa na kipi kimekokotolewa. Katika uthamini kuna njia tatu kuu. Ya kwanza ni kukadiria fedha ambazo kampuni itazalisha miaka ijayo na kuzirudisha kwenye thamani ya leo. Ya pili ni kuilinganisha na kampuni zinazofanana nayo zilizoko sokoni. Anayepima kampuni ya bia, kwa mfano, ataangalia hisa za East African Breweries kule Nairobi na Tanzania Breweries kule Dar es Salaam zinauzwa mara ngapi ya faida zake. Ya tatu ni kutazama bei zilizowahi kulipwa kampuni za aina hiyo ziliponunuliwa.

Hakuna siri katika hayo yote. Kampuni zinazofundisha ndani ya benki, kama Training the Street na Wall Street Prep, huuza kozi za aina hiyohiyo kwa yeyote mwenye kadi ya malipo. Asiye na kadi anaye Aswath Damodaran, profesa wa Chuo Kikuu cha New York, ambaye kwa miaka mingi ameweka mihadhara yake ya uthamini kwenye intaneti bure, pamoja na majedwali na mitihani. Ripoti za mwaka za Safaricom na za benki za CRDB na NMB zinapatikana kwenye tovuti za kampuni hizo. Mwanafunzi wa Mbeya au Eldoret anayechukua ripoti ya Safaricom ya miaka mitano, akaziingiza taarifa tatu za fedha kwenye jedwali lake na kuhakikisha mizania inalingana kila mwaka, ameshafanya zoezi ambalo wanagenzi wa London hufanyishwa wiki ya kwanza. Anayefika akiwa tayari amelifanya ataisikiliza wiki hiyo kama marudio. Asiyelifanya ataisikiliza kama mvua ya mawe.

Kisha wiki inakwisha, na mwanagenzi anapelekwa kwenye timu. Huko kuna mtu anayegawa kazi, kuna mwenzi aliyemtangulia mwaka mmoja au miwili wa kumwonyesha njia, na kuna mlezi wa cheo cha juu ambaye atamwona mara chache akiwa na bahati. Kazi ya kwanza huwa ndogo kiasi cha kuudhi: sasisha bei za hisa za kampuni 12, panga nembo za wateja zikae mstari mmoja, tafuta chanzo cha kila namba iliyo ukurasa wa 14. Anaimaliza saa tatu usiku na kuituma. Baada ya nusu saa kurasa zinarudi zimejaa wino mwekundu.

Wino huo ndio shule yenyewe. Mwanagenzi wa fundi cherehani hajui kushona mpaka amefumuliwa mishono yake mara kadhaa, na huku hali ni hiyohiyo. Aliyeandika „2,4” mahali pa „2.4” anaoneshwa. Aliyejumlisha mapato ya Machi ya kampuni moja na ya Desemba ya nyingine anaulizwa kwa nini. Aliyechukua namba kutoka gazetini anatumwa akaitafute kwenye ripoti iliyokaguliwa. Baada ya wiki tatu za kurudishiwa kurasa, macho huanza kuyaona makosa kabla ya kidole kubonyeza kitufe cha kutuma. Uwezo huo hakuna mkufunzi anayeweza kuutoa kwa mhadhara.

Wasiojua gharama ya kosa dogo hudhani wakubwa wenye wino mwekundu ni wachokozi tu. Septemba 2008, siku chache baada ya Lehman Brothers kufilisika, benki ya Barclays ilikuwa inanunua sehemu ya biashara ya Lehman. Orodha ya mikataba iliyotakiwa na isiyotakiwa ilikuwa kwenye jedwali la Excel la karibu mistari 1,000, na ilibidi ifike mahakamani kabla ya saa sita za usiku. Katika kampuni ya mawakili wa Barclays, wakili kijana alipewa kazi ya kuisafisha na kuigeuza iwe hati ya kuwasilisha. Hakujua kwamba mistari yenye mikataba 179 ambayo Barclays haikuitaka ilikuwa imefichwa tu, haikufutwa. Jedwali lilipogeuzwa, mistari hiyo ikajitokeza. Kosa liligunduliwa baada ya mahakama kuidhinisha mauzo, na mawakili wakalazimika kurudi kuomba mikataba hiyo iondolewe. Kijana huyo hakuwa mjinga, wala hakukosa mafunzo. Alihitaji jicho la pili la kuipitia kazi yake usiku ule kabla haijaondoka.

Mfano wa pili ni wa watu wazima. Mwaka 2012 JPMorgan yenyewe ilipoteza zaidi ya dola bilioni 6 katika biashara zilizofanywa na ofisi yake ya London. Ripoti ya uchunguzi wa ndani iliyotolewa Januari 2013 ilieleza kwamba kipimo cha hatari kilichokuwa kikitumika kiliendeshwa kwa majedwali ya Excel yaliyohitaji mtu kunakili na kubandika namba kwa mkono, na kwamba hesabu moja iligawanya kwa jumla ya viwango viwili badala ya wastani wake. Matokeo yake hatari ikaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Kosa hilo peke yake halikuzaa hasara yote, lakini lilipita mbele ya watu wengi wenye vyeo na hakuna aliyelikamata kwa wakati.

Jambo la pili linalojifunzwa kazini ni kufunga mdomo. Wiki ya kwanza sheria husomwa na kila mtu hutia saini. Uzito wake huja pale kijana anapojua kwamba kampuni fulani itanunuliwa wiki mbili zijazo kwa bei ya juu, na rafiki yake wa chuo anampigia simu kumuuliza habari za kazi. Mwaka 2018 waendesha mashtaka wa Marekani walimshtaki mchambuzi kijana aliyewahi kufanya kazi Goldman Sachs pamoja na mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani. Mchezaji alikuwa amepewa siri za kampuni zilizokuwa zikikaribia kununuliwa, akapata faida ya kama dola milioni 1.2. Mchambuzi alipewa fedha taslimu na tiketi za mechi. Wote wawili walikiri kosa. Katika miji ambayo kila mtu anamjua shangazi wa mwenzake, Nairobi na Dar es Salaam zikiwemo, jaribu la namna hiyo huja mapema zaidi, tena huja likiwa limevaa sura ya ndugu.

Sasa liko suala la saa za kazi, ambalo wanaotetea utaratibu wa zamani hupenda kuliingiza ndani ya neno mafunzo. Hoja yao ni kwamba kukesha humkomaza mtu, na kwamba asiyeweza kuvumilia Agosti moja hataweza kuvumilia kazi. Hoja hiyo ina historia mbaya. Agosti 2013 mwanagenzi Mjerumani wa miaka 21 katika ofisi ya London ya Bank of America Merrill Lynch alikutwa amefariki nyumbani, siku chache kabla ya kumaliza kipindi chake, baada ya kuripotiwa kwamba alikuwa amekesha usiku mfululizo. Mchunguzi wa vifo alibaini kwamba alipatwa na kifafa, akasema uchovu huenda ulichangia ingawa haikuwezekana kuthibitisha. Mwaka 2015 Goldman Sachs iliwaagiza wanagenzi wake wasiwepo ofisini kati ya saa sita usiku na saa moja asubuhi. Hata hivyo mwaka 2021 wachambuzi wake 13 wa mwaka wa kwanza walijihoji wenyewe na kuandika matokeo kwenye slaidi zilizovuja: wastani wa saa 95 za kazi kwa wiki na saa 5 za kulala kwa usiku. Mwaka 2024 JPMorgan nayo ikaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki kwa vijana wake, isipokuwa wakati dili inaendelea. Saa 80 hizo bado ni karibu mara mbili ya wiki ya kawaida.

Ubaya wa kukesha hauishii kwenye afya. Mtu aliyelala kwa saa nne tu haoni mstari uliofichwa. Mwandamizi aliyechoka haandiki kwa wino mwekundu, anarekebisha mwenyewe haraka na kuituma kazi, na mwanagenzi asubuhi hajui alikosea wapi. Kwa hiyo utaratibu unaotetewa kwa jina la mafunzo ndio unaoyaua mafunzo.

Wapo pia wanaokumbuka enzi za madarasa marefu na kuyatamani. Michael Lewis, katika kitabu chake Liar's Poker cha mwaka 1989, alieleza darasa la benki ya Salomon Brothers la mwaka 1985 lililokuwa na vijana 127 waliolipwa kuketi kwa miezi kadhaa wakisikiliza wakongwe. Waliokaa viti vya nyuma walirusha vikaratasi. Waliokaa mbele walijipendekeza. Kwa mujibu wa simulizi lake, walichojifunza zaidi ni nani ana nguvu kwenye jengo lile na namna ya kumkaribia. Urefu wa darasa haukuwapa ujuzi wa kazi.

Mwaka 2020 ulitoa kipimo cha aina nyingine. Korona ilipofunga ofisi, benki nyingi zilifupisha kipindi cha wanagenzi hadi wiki 5 na kukiendesha kwa kompyuta kutoka nyumbani. Citi iliwaahidi wanagenzi wa vituo vyake vikubwa, ikiwemo New York na London, kwamba wakitimiza masharti ya msingi watapata ajira. Mihadhara ilihamia kwenye skrini bila shida yoyote. Kilichokuwa kigumu kuhamisha ni ile nusu dakika ya kumgeukia mtu wa kiti cha pili na kumuuliza kama namba hii inaingia akilini, na ndicho vijana wa mwaka ule walichokikosa.

Akili unde imeleta upya swali la namna vijana wanavyojifunza kazi. Januari 2025 mkuu wa Goldman Sachs, David Solomon, alisema programu sasa zinaweza kuandika karibu asilimia 95 ya waraka wa kuandikisha hisa kwa dakika chache, kazi ambayo zamani ilichukua timu ya watu sita wiki mbili, na kwamba asilimia 5 iliyobaki ndiyo yenye thamani. Maneno hayo yanapaswa kuwatia hofu wanaopanga mafunzo kuliko wanagenzi wenyewe. Asilimia 5 hiyo ni kujua kipi hakiko sawa. Wakongwe wanaoiweza leo waliipata kwa kuandika zile asilimia 95 kwa mikono yao na kurudishiwa. Benki itakayowaondolea vijana kazi ya kuandika bila kuwapa kazi ya kukagua, wakiwa na mtu wa kuwakagua wao, itafika mwaka 2035 ikiwa na programu hodari na watu wasioweza kuibishia.

Afrika Mashariki hali ina sura mbili. Ofisi zetu ni ndogo, na udogo huo ni neema. Leseni ya benki ya uwekezaji inayotolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya (CMA) inaruhusu kampuni moja kushauri, kudhamini mauzo ya hisa na pia kuwa dalali sokoni, kwa hiyo mwanagenzi wa Nairobi anaweza kuziona kazi hizo zote chini ya paa moja, jambo ambalo mwenzake wa New York aliyefungiwa kwenye timu ya mafuta na gesi halipati. Tanzania, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA) huendesha kozi ya watendaji wa masoko ya mitaji kwa kushirikiana na CISI, taasisi ya kitaaluma ya dhamana na uwekezaji ya Uingereza, na cheti chake kinatambulika. Hayo ni mambo ya kujivunia.

Sura ya pili haipendezi. Mwanafunzi anayekwenda fildi kwenye kampuni ya dhamana aghalabu hukuta hakuna ratiba, hakuna mlezi aliyetajwa kwa jina, na hakuna malipo zaidi ya nauli, nayo ikipatikana. Anapiga chapa, anapeleka barua, anajaza kitabu cha kumbukumbu cha chuo, anagongewa muhuri. Mhadhiri anayekuja kumtembelea huuliza kama anafika kwa wakati. Hakuna anayeuliza ni kurasa ngapi alizoziandika, nani alizisoma, na zilirudi na maswali gani. Miezi inapita na kijana anatoka akiwa na barua ya kumsifu kwa nidhamu.

Kurekebisha hilo hakuhitaji bajeti ya Wall Street. Kampuni ya watu 15 inaweza kumpa kila mwanagenzi mtu mmoja wa kumkagua, jina lake likiandikwa kwenye barua ya kumkaribisha. Inaweza kumpa kampuni moja iliyoorodheshwa Nairobi au Dar es Salaam aichambue kuanzia wiki ya kwanza hadi ya mwisho, na kila Ijumaa jioni dakika 40 zitengwe za kuupitia mchanganuo wake mstari kwa mstari. Katikati ya kipindi apewe tathmini ya maandishi, kama wafanyavyo New York kwenye wiki ya tano, ili ajue la kurekebisha wakati muda bado upo. Na alipwe, hata kidogo, kwa sababu nafasi isiyolipwa huishia kwa mtoto wa mwenye uwezo, na sekta inakosa vipaji vya wengine.

Kwa upande wake, mwanafunzi anayeitwa kwenye usaili ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kukubali: nani atazisoma kazi zangu, mara ngapi kwa wiki, na wangapi kati ya wanagenzi wa mwaka jana waliajiriwa. Benki kubwa za nje zina majibu ya maswali hayo tayari. Za hapa nyingi hazijawahi kuulizwa.

Wasimamizi wa masoko ndio wenye uwezo wa kuyafanya maswali hayo kuwa ya kawaida. Kampuni zenye leseni Nairobi na Dar es Salaam tayari zinawasilisha hesabu zao zilizokaguliwa kila mwaka. CMA na CMSA zingeweza kudai ukurasa mmoja wa ziada: idadi ya wanagenzi waliopokelewa, majina ya vyeo vya waliokuwa wakikagua kazi zao, kiwango walicholipwa, na wangapi walipata ajira. Ukurasa huo ukichapishwa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au wa Strathmore atajua ofisi ipi ya kuomba na ipi ya kuiacha, na kampuni inayofundisha kwa dhati itapata waombaji bora bila kulipia tangazo hata moja.